Mlezi Hasikii Kiswahili

Mzee Mihayo Luhende alikuwa amemwaga maharage tena, na Mwavita Pazi, ambaye magoti yake hayakuumbwa kwa ajili ya kukaa sakafuni, akainama kuyaokota. Angekuwa mtoto wa kweli, Mwavita angemkazia jicho na mchezo ungeishia hapo. Lakini utamkaziaje jicho mhandisi mstaafu wa reli, mtu mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliyekaa kitako katawanya miguu na anakucheka waziwazi?

"Haragwe," Mwavita alisema kwa Kivietinamu, akimwonyesha punje moja. "Haragwe hili. Maharage yale. Nani kamwaga?"

"Mwaga!" mzee akaitikia kwa lugha hiyohiyo, sauti ikishuka pale toni ya neno inapotaka ishuke, kisha akalisukuma bakuli likapinduka upya.

Mwavita akahema. Kazi hii aliiomba mwenyewe, kwa mkono wake, akaenda mpaka kwenye usaili na viatu vya kuazima. Alikulia Kisarawe, akasomea uuguzi Hanoi, akarudi na lugha aliyoipata kwa jasho na machozi, na alipoambiwa kuna kituo Morogoro kinachotafuta walezi wanaojua Kivietinamu akaona Mungu kamkumbuka. Hakuambiwa habari za maharage.

Kofia ya kijivu iliyombana mzee kichwani ndiyo iliyomfanya awe hivi. Haikumfanya mjinga, ingawa wajinga wengi mtaani walidhani hivyo. Mtu mzima akijifunza lugha ana meza kubwa akilini, na juu ya meza hiyo hutandaza kila kitu kwa pamoja: sentensi nzima, kanuni yake, tafsiri yake, na aibu ya kukosea. Mtoto mdogo hana meza. Ana kisahani. Hushika kipande kimoja cha sauti, akakiacha, akashika kingine, na kwa kuwa hawezi kubeba zaidi ya hapo, sikio lake hubaki wazi na lugha huingia bila kubisha hodi. Kofia humpokonya mtu meza yake kwa saa chache, kisha humrudishia. Walezi walikuita huko kushuka na kupanda. Aliyepanda hakumbuki chochote alichofanya chini, lakini maneno aliyoyapata hubaki mdomoni mwake kana kwamba aliyanyonya pamoja na maziwa ya mama.

Mambo yote yangekuwa mazuri, kama si kile kisahani.

"Ntemi yuko wapi?" mzee aliuliza kwa Kiswahili.

Mwavita akaendelea kuokota. Mlezi hasikii Kiswahili. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kituo, na sababu yake ilieleweka: ubongo ni mvivu, na ukigundua kwamba lugha ya nyumbani inaleta maji, biskuti na majibu, hautajisumbua kutafuta nyingine. Kwa hiyo mtu akilia njaa kwa Kiswahili, mlezi anatazama dirishani.

"Ntemi yuko wapi? We mama. Ntemi yuko wapi?" Alikuwa amelishika koti la kazi la Mwavita, anavuta.

Mwavita akatazama dirishani. Milima ya Uluguru ilikuwepo palepale ilipokuwa jana.

Uso wa mzee ukajikunja, midomo ikatafuta kitu, na alipokipata akakitoa polepole, kila sauti mahali pake, kwa Kivietinamu ambacho mwanamke wa sokoni Hanoi angekijibu bila kugeuka kuangalia nani anauliza. "Mwanangu yuko wapi?"

"Umesikia?" Sauti ya Dakta Nakijwa Mmbaga, mkuu wa kituo, ikalipuka katika kidude cha sikioni pamoja na makofi. Alikuwa nyuma ya kioo, na Mwavita angeweza kuapa kwamba alikuwa amesimama. "Toni zote, Mwavita! Zote! Mjibu haraka kabla haijapoa."

Mwavita alitamani akichomoe kile kidude akitupe kwenye maharage. Badala yake alimgeukia mzee, akamshika mikono yote miwili, akatulia kidogo kama alivyozoea kutulia, ndipo akasema kwa Kivietinamu, "Mwanao amekufa. Pole. Mimi nipo hapa."

Sheria ya pili ni kwamba mlezi hadanganyi, na hii Mwavita hakuhitaji kuelezwa, maana aliwahi kuivunja. Siku moja, kwa kuchoka, alimjibu kwamba mwanawe yuko kazini. Mzee akafurahi, akacheza, akashinda vizuri. Jioni, akiwa amepanda na akili zake zote timamu, alihisi tu, bila kujua kwa nini, kwamba Ntemi yuko kazini. Alichukua simu akampigia. Walimkuta amekaa kitandani, simu sikioni, anasubiri marehemu apokee.

Sasa mzee alilia. Hakulia kama wazee wanavyolia, kwa kugeuza uso na kupenga kamasi. Alilia mdomo wazi, mikono juu, anataka kubebwa, na hakuna mtu duniani wa kumbeba mwanaume wa umbo lile.

"Sitaki," alisema kwa Kiswahili. "Sitaki hapa. Nitoe. Mama, nitoe."

Mlezi hasikii Kiswahili. Mwavita alimpangusa mashavu kwa upindo wa koti. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, halafu habari yenyewe ikateleza kutoka kwenye kisahani ikaanguka pasipojulikana. Mzee akaona maharage. Akacheka. Akamwaga. Kisha, Mwavita akiwa bado hajamaliza kuokota, akainua uso na kuuliza kwa Kivietinamu safi kabisa, "Mwanangu yuko wapi?"

*

"Nyie Wazaramo," Mzee Mihayo alisema, akikoroga chai, "mtu akiwaachia kazi mnaigeuza ngoma. Mbona una uso kama mtu aliyepigwa mawe? Umeshinda umekaa na mimi tu."

"Ndiyo maana," Mwavita akajibu. "Kushinda na Mnyamwezi ni adhabu. Babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, wakafika kwetu wameota sugu mabegani na njaa ya wiki nzima. Sisi tukawapa chakula. Hamjashukuru mpaka leo."

"Mlitupa mihogo mibichi!"

"Na mkaila."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameoga, amevaa shati lake la kaki lililopigwa pasi, amerudi kuwa mtu mzito wa kuheshimika. Macho tu ndiyo yalikuwa yamevimba. Aliyafikicha.

"Kofia hii inawasha macho. Mwambieni Dokta aiangalie."

Mwavita akanywa chai ili asiseme. Mkataba wake wa kazi ulikataza mlezi kumweleza mtu aliyepanda yaliyotokea chini. Dakta Mmbaga alikuwa na sababu ya hilo pia, kama alivyokuwa na sababu ya kila kitu: mtu akijua kinachomsubiri huko chini, hushuka amejikaza, na aliyejikaza hubaki ameshikilia nusu ya meza yake. Sikio hufunga. Somo huisha.

"Jumatano nitamwona An kwenye simu," mzee alisema. Sauti yake ilibadilika kila alipolitaja jina hilo, kama mtu anayeshusha kitu chini asikivunje. "Wiki iliyopita nilimwambia kwamba shati lake ni zuri. Akatazama shati. Bi. Mwavita, alitazama shati! Ina maana alinielewa."

An alikuwa na umri wa miaka mitano. Mama yake alifariki akimzaa. Baba yake, Ntemi, mtoto pekee wa Mzee Mihayo, aliangukiwa na kreni bandarini Hai Phong, na mtoto akabaki katika nyumba ya kulelea watoto akizungumza Kivietinamu tu. Baraza la watoto la huko halikuwa na ubaya na babu. Lilitaka kitu kimoja: azungumze na mtoto mwenyewe, bila mkalimani, bila kifaa sikioni, kwa sababu mtoto aliyefiwa hatalelewa na mtu asiyeweza kumwelewa. Mwezi ujao lingekaa. Akishindwa, An angepewa familia nyingine.

Mzee alijaribu njia ya kawaida kwanza. Alisoma kihandisi. Alichora toni sita kwenye karatasi ya gridi, akazipigia mstari kwa rula, akakariri maneno mpaka usingizini, na kila alipofungua mdomo alikuwa anatengeneza sentensi ya Kiswahili, anaivunja, anaibeba kipande kwa kipande kuipeleka ng'ambo. Ilipofika, aliyekuwa akizungumza naye alishaondoka. Kofia ndiyo iliyomwokoa.

"Nimemwomba Dokta tuongeze," alisema. "Asubuhi na alasiri. Amekubali. Tunaanza keshokutwa."

Kikombe cha Mwavita kikagonga kisahani. "Umeomba nini?"

"Tuongeze. Mbona umeshtuka? Unaogopa kazi, Mzaramo wewe?"

*

"Aliomba mwenyewe," alisema Dakta Mmbaga.

"Aliyeomba hajui anachoomba!"

"Alisaini, Bi. Mwavita. Unakijua kifungu. Walioshuka wote wamekisaini." Dakta alikijua kwa moyo, akakisoma bila karatasi, macho yamefumbwa kwa uchovu. "Nikikataa nikiwa chini, msinisikilize, maana aliye chini hana uwezo wa kupima faida yangu."

"Aliyesaini ni huyu wa juu. Anayelia ni yule wa chini. Kifungu hicho kimeandikwa na mtu mmoja kumfunga mwingine."

"Ni mtu mmoja."

"Basi mwambie huyo mmoja kinachompata!"

Dakta Mmbaga hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mwavita kuliko yote. Mtu mbaya unamtukana unaondoka. Huyu alikuwa na picha za watu wake ukutani: daktari aliyekwenda kufanya kazi mji wa Hue, mama aliyemfuata mumewe kiziwi akajifunza lugha ya alama kwa miezi miwili, bwana mmoja aliyefungwa ugenini akaweza kujitetea. Wote walishuka wakamwaga maharage, na wote walilia siku moja mbili. Wakasahau.

"Nikuambie ukweli?" Dakta akasema. "Sijawahi kuona mtu anayejifunza kama yeye. Na unajua kwa nini. Ni lile swali. Anapouliza, ubongo mzima unawaka. Anataka jibu kuliko anavyotaka maji. Neno linaloingia wakati ule haliondoki tena, na yanayofuata yanapita mlango uleule. Ukiniambia niliondoe swali, unaniambia niuondoe mlango."

"Kwa hiyo unalipenda."

"Sijasema nalipenda."

"Ulipiga makofi, Dokta. Nilikusikia sikioni mwangu. Mtu anamwulizia mwanawe aliyekufa, wewe unapiga makofi kwa sababu toni zimekaa sawa!"

Dakta Mmbaga akaivua miwani. Alionekana mtu aliyekosa usingizi, na kwa muda kidogo Mwavita alimwonea huruma, akajichukia kwa kumwonea huruma.

"Haya," Dakta akasema. "Mwambie. Atashuka amejikaza, hatapata kitu. Baraza litamkuta anachora toni kwa rula. An ataenda kwa watu asiowajua, na huko atamlilia baba yake miaka mingapi, bila kusahau? Huyu wako hulia kidogo akarudi kwenye maharage. Wewe ndiye mlezi. Chagua ni mtoto gani alie."

Mwavita alitoka akaubamiza mlango. Alikuwa na hasira tu, na hasira haijawahi kumsaidia mtu kuchagua.

*

Jumatano asubuhi Mzee Mihayo aliingia chumba cha kushukia akipiga mluzi, akakuta kiti chake kina mtu.

Mwavita alikuwa amejilaza chali kwenye kiti kile kirefu, mikono kifuani, macho yamefumbwa, koti la kazi limefungwa vifungo vyote.

"Mtani," mzee akasema, "umepitiwa na usingizi, au umekufa?"

"Nimelala kaburini. Sitoki."

Mzee akaanza kutabasamu. Kila Mnyamwezi na kila Mzaramo anajua jambo hili. Msibani, wakati wote wanalia na kaburi liko wazi, mtani ana ruhusa ya kuteremka shimoni na kulala humo, na hakuna atakayezikwa mpaka asikilizwe. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wanaweza kumbembeleza, wanaweza kumtukana kwa utani, lakini hawawezi kumtoa kwa nguvu.

"Bi. Mwavita." Dakta Mmbaga alikuwa mlangoni. "Hapa ni kazini, si matangani."

"Mwache, Dokta," mzee akasema, mkono juu, bado anacheka. "Huyu ni mtani wangu, ana haki yake. Haya, mchawi wa Kisarawe. Unataka nini?"

"Kuna mtu mnamzika mbele yangu kila siku," Mwavita akasema bila kufumbua macho, maana angefumbua asingeweza. "Leo hazikwi mtu mpaka nimesema. Uniulize kwa nini macho yako yanavimba."

"Kofia inawasha."

"Kofia haiwashi."

Akamwambia. Hakupamba. Alimwambia habari za kisahani na swali, na jibu, na jinsi anavyonyoosha mikono abebwe, na jinsi anavyoomba kutolewa kwa Kiswahili na yeye anatazama mlima. Alimwambia pia kwa nini siku ile alimpigia Ntemi simu. Mwanzoni mzee aliendelea kutabasamu, akisubiri mahali pa kuchekea. Halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, lisilo na mwenyewe, na mwishoni likaondoka.

"Mara ngapi?"

"Sihesabu. Nikianza kuhesabu sitakuja kazini."

"Na juzi?"

"Na juzi."

"Kisha ukaja tukanywa chai." Sauti ilikuwa inapanda. "Ukaniambia habari za mihogo! Umekaa na mimi mezani, unanitania, na wewe unajua nimetoka kumlilia mwanangu kama nimeambiwa leo!"

"Ndiyo."

"Ningekuwa si mtani wako ningekuzaba kofi."

"Ningelipokea."

Mzee akakaa sakafuni, kwa shida, mkono mmoja umeshika ukuta. Mwavita alifumbua macho akainuka, kwani mambo ya kaburi yalikuwa yamekwisha.

"Nakwenda kuomba watu wanipe mtoto," Mzee Mihayo alisema mwishowe. "Nawaambia nitamtunza. Na huyu wangu nimemwacha chini kwa wageni, analia, anaomba, nikasaini kwamba asisikilizwe. Mlezi gani mimi?"

"Mzee Mihayo," Dakta akasema taratibu, "ukimfuata yule wa chini unampoteza An."

"Najua hesabu, Dokta. Nimejenga madaraja." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nishusheni. Mara moja. Muulizeni kama anataka kuendelea. Kwa Kiswahili."

"Ana akili ya mtoto wa miaka mitatu! Atasema hataki. Mtoto wa miaka mitatu hataki hata kuoga."

"Inawezekana. Lakini mtoto asiyetaka kuoga husikilizwa kwanza. Nami nitakuwa nimesikiliza."

*

Mzee aliposhuka hakuona maharage. Mwavita hakuwa ameyaleta. Walikaa tu sakafuni, na swali likaja kama kawaida, kwa Kivietinamu, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile mlezi akajibu kwa Kiswahili.

"Amekufa, baba. Ntemi amekufa."

Mzee alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeishi na bubu akamsikia anaongea. Kisha akaweka kichwa chake kizito, pamoja na kofia yake, juu ya mapaja ya Mwavita akalia, na Mwavita naye akalia, akiwa na hasira na kila mtu aliyemfikisha hapo, yeye mwenyewe wa kwanza.

"Unataka tubaki hapa na kofia, tucheze?" aliuliza kilio kilipotulia. "Au unataka tuivue?"

"Inavuliwa?"

"Ukitaka."

"Sitaki kofia," mzee akasema. Mkono ulishapanda kichwani. "Vua."

"Nikiivua hatutacheza tena hapa."

"Vua."

Kidude cha sikioni kikapata uhai. "Mwavita," Dakta Mmbaga alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kubembeleza. "Hapa hapakuwa na mtu mwingine. Mimi sikusikia kitu. Ukimwambia alikubali, nitakuwa na wewe. Tutampata An."

Mwavita alifumba macho. Hivi hawa watu walimwona yeye nani? Aliye juu kamwachia uamuzi aliye chini, aliye chini hajui anaamua nini, mkuu wa kituo anajifanya hasikii, na mwisho wa yote mzigo umetua kwa Bi. Mwavita wa Kisarawe, ambaye alitaka kazi yenye bima tu. Neno moja tu: alikubali. Mtoto angepata babu, mzee angepata mjukuu, na wa chini asingejua kamwe, kwa sababu wa chini hajui kitu chochote kwa zaidi ya dakika chache.

Alibonyeza kitufe. Kofia ikalegea. Mzee Mihayo akapanda polepole, akapepesa macho, akajigusa mashavu yaliyoloa, na safari hii hakusema kwamba yanawasha.

"Kasemaje?"

Dakta alikuwa amefungua mlango. Hakuingia.

"Amekataa," Mwavita akasema.

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kasemaje hasa? Maneno yake."

"Kasema, vua."

Alikaa hapo muda mrefu akiizungusha kofia mikononi, kama mtu aliyevua kofia ya kawaida mlangoni pa wenyeji. Kisha akamkabidhi Dakta Mmbaga kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akauliza kama simu ya Hai Phong bado iko saa ileile.

*

An alijitokeza kwenye skrini akiwa na nywele zilizochanwa kwa maji. Pembeni yake alikaa mama mmoja wa ile nyumba ya watoto, ambaye kila Jumatano alisikiliza na kulipelekea baraza taarifa. Mwavita alisimama ukutani, nyuma, asionekane.

Mzee Mihayo alianza vibaya. Alijua sasa, na kujua kulikuwa kumemrudishia meza yake nzima. Alimsalimia mtoto kwa toni ya kuulizia bei. Akajirekebisha, akakosea kwingine. Akanyamaza kutafuta neno, na Mwavita aliyaona mabega yake yakipanda, akajua kwamba kichwani anachora mistari kwa rula. Mama wa pembeni alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko dharau. An aligeuka kuangalia kitu nje ya picha.

Kisha mtoto akarudisha uso kwenye skrini. Hakuwa anamwuliza babu hasa. Watoto wa umri ule huuliza aliye mbele yao, na walishamjibu wengi, kila mmoja kwa namna yake, na mara nyingi kwa kumpa pipi.

"Baba yangu yuko wapi?" An akauliza.

Mabega ya Mzee Mihayo yakashuka. Hakutafuta neno. Alisogeza viganja vyake viwili juu ya meza, kana kwamba kulikuwa na mikono midogo ya kushika, akatulia kidogo, ndipo akasema, kwa Kivietinamu kisicho na doa, "Baba yako amekufa. Pole. Mimi nipo hapa."

Mwavita aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mzee. Pumzi ilikuwa yake, na ule utulivu mdogo kabla ya neno lenyewe ulikuwa wake. Hakujua kama aone fahari au aone aibu, akaona vyote viwili.

An alilia, mdomo wazi, mikono juu. Yule mama akanyoosha mkono kutaka kuizima skrini, lakini mzee akamzuia kwa sentensi iliyopinda kila mahali, isiyo na toni hata moja iliyokaa sawa, ambayo hata hivyo mtu yeyote angeielewa: aliomba amwache, ataendelea kukaa naye. Mama akarudisha mkono. Mzee hakumwambia mtoto anyamaze. Alibaki pale, viganja juu ya meza, mpaka kwikwi zikaisha na An akajifuta pua kwa mkono wa shati.

Mtoto akakiokota kigari chake cha plastiki, akakizungusha magurudumu, akakisukuma kidogo. Halafu akainua uso akauliza tena baba yake yuko wapi.

Mwavita alijua jinsi swali lile linavyochosha likirudi. Mzee Mihayo akavuta kiti karibu na skrini, akamjibu upya, polepole, kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza.